Kinyozi wa Seville, au Tahadhari Isiyofaa Kitu

Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wa wanafunzi wa zamani, bila shaka alitarajia nitaandika juu ya vita, au wafalme, au mikataba. Mimi nimechagua kinyozi. Nawaomba ndugu zangu tuliomaliza siku nyingi, pamoja nanyi vijana mnaokalia madawati yetu leo, mnivumilie kidogo. Katika hadithi ya kinyozi huyu wafalme wamo, na mapinduzi yamo. Limo pia swali ambalo kila kijana aliyetoka nyumba isiyo na jina hujiuliza siku anapotoka lango la shule na cheti chake mkononi: je, akili na ufundi vyatosha kumfungulia mtu mlango, au mlango hufunguliwa kwa jina la ukoo na kwa fedha?

Kinyozi huyo anaitwa Figaro. Ni mhusika katika opera ya Kiitaliano iitwayo Il barbiere di Siviglia, yaani Kinyozi wa Seville, iliyotungwa na Gioachino Rossini na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Roma tarehe 20 Februari 1816. Kwa wale ambao hawajapata kuona opera, nitasema kwa ufupi kwamba ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake huimba, huku kundi la wapiga ala likiwafuata kutoka chini ya jukwaa. Ziko opera za msiba, ambazo watu hufa wakiimba. Na ziko za kuchekesha, ambazo Waitaliano huziita opera buffa. Hii ni ya kuchekesha, na imekwisha kudumu jukwaani zaidi ya miaka 200.

Hadithi ilivyo

Mambo yanatokea Seville, mji wa kusini mwa Hispania. Daktari mmoja mzee, jina lake Bartolo, ni mlezi wa msichana aitwaye Rosina. Rosina ana mali yake. Inafaa tukumbuke kwamba desturi ya huko ilikuwa kinyume cha mahari yetu sisi: mali ilitoka upande wa mwanamke ikaenda kwa mume. Kwa hiyo mzee Bartolo amekata shauri kumwoa mwenyewe msichana anayemlea, apate mke na mali kwa pigo moja. Ili asinyang'anywe tonge mdomoni, amemfungia ndani. Milango ina kufuli, roshani ina ufunguo, na hata karatasi za kuandikia barua anazihesabu.

Alfajiri moja, chini ya roshani hiyo, anafika kijana Mwinyi Almaviva, kabaila wa ukoo mkubwa, pamoja na wapiga ala wa kukodi. Alimwona Rosina mjini Madrid, akampenda, akamfuata. Anaimba, dirisha halifunguki. Anawalipa wapiga ala wake, nao wanamshukuru kwa makelele ya kuamsha mtaa mzima, wakati yeye anawasihi wanyamaze. Ndipo anapotokea Figaro, gitaa begani, akijisifu kwa wimbo ambao pengine ndio unaojulikana kuliko nyimbo zote za opera. Kila mtu mjini anamtaka: huyu anataka wigi, yule anataka ndevu zinyolewe, mwingine anataka barua ipelekwe kwa siri. Nyumbani kwa Bartolo yeye ni kinyozi, mshona wigi, mpasuaji, mtunza bustani, muuza dawa, na tabibu wa wanyama. Tusishangae: Ulaya ya siku zile kinyozi alinyoa, akang'oa meno, na akawatoa wagonjwa damu.

Mwinyi hataki Rosina ajue cheo chake. Anataka apendwe yeye, si mali yake. Kwa hiyo anajiita Lindoro, mwanafunzi maskini. Anamwahidi Figaro dhahabu, na mara akili ya kinyozi inaanza kuchemka. Mpango wa kwanza ni huu: kikosi cha askari kinafika mjini leo, basi Mwinyi avae mavazi ya askari, ajifanye amelewa, aje na hati ya serikali ya kumpa malazi nyumbani mwa Bartolo. Mlevi, asema Figaro, hashukiwi kwa hila.

Rosina naye si kuku wa kufugwa. Katika wimbo wake wa kwanza anatuambia kwamba yeye ni mpole na mtiifu, lakini akiguswa penye kidonda atageuka nyoka, na atatega mitego mia kabla ya kushindwa. Figaro anapokuja kumshauri amwandikie Lindoro barua, anakuta barua imekwisha kuandikwa, ameificha kifuani. Bwana fundi wa hila amefika darasani akakuta mwanafunzi amemaliza zoezi! Bartolo anapoingia anaona wino kidoleni mwa msichana. Anahesabu karatasi: zilikuwa 6, zimebaki 5. Kalamu imechongwa. Rosina ana jibu kwa kila swali: wino ni dawa ya kidole kilichoungua, karatasi amefungia peremende za binti wa Figaro, kalamu amechorea ua la kutarizi. Mzee hadanganyiki, lakini kujua si kuzuia.

Mwalimu wa muziki wa Rosina ni Don Basilio, mtu wa kuuza neno lake kwa bei yoyote. Yeye anamshauri Bartolo amwangamize Mwinyi Almaviva kwa fitina. Anamweleza fitina inavyofanya kazi: huanza kama upepo mwororo usiosikika, hunong'onwa sikio hadi sikio, huvimba, hunguruma, mwisho hulipuka kama mzinga, na aliyesingiziwa huanguka chini mbele ya watu. Nani kati yetu aliyeishi bwenini asiyeijua sayansi hiyo?

Basi Mwinyi anakuja amevaa uaskari, anayumbayumba, analitaja jina la daktari vibaya makusudi. Bartolo anatoa cheti cha kumsamehe asipokee askari nyumbani. Mpango wa kwanza umekufa! Vurugu inazuka, askari wa kweli wanaingia, afisa anaamuru mlevi akamatwe. Mwinyi anamvuta pembeni, anamwonyesha karatasi yenye jina lake. Afisa anakakamaa na kupiga saluti. Wote waliobaki wanaduwaa kama masanamu, Bartolo zaidi ya wote, na sehemu ya kwanza ya mchezo inaisha kwa wimbo wa watu wote ambao vichwa vyao vinavuma kama kiwanda cha mhunzi.

Sehemu ya pili Mwinyi anarudi kwa sura nyingine. Sasa ni Don Alonso, mwalimu wa muziki, amekuja kumshikia zamu Don Basilio aliye mgonjwa. Anamwamkia Bartolo kwa kumtakia amani na furaha mara nyingi mno, hata mzee anatamani kumtupa nje. Ili aaminiwe, anamkabidhi Bartolo ile barua ya Rosina, akisema ameipata kwa Mwinyi Almaviva. Ni hila ya hatari, na tutaona inavyomrudia. Figaro anaingia na wembe na bakuli la povu kumnyoa Bartolo, na kwa ujanja anauchomoa ufunguo wa roshani katika kishada cha funguo, huku akivunja vyombo kabatini ili mzee akimbilie huko. Kila kitu kinakwenda sawa, mara Don Basilio mwenyewe anatokea mlangoni, mzima wa afya! Mfuko wa fedha unateleza kutoka mkono wa Mwinyi kuingia mkono wa Basilio, na wote wanamwambia ana homa kali, amekuwa wa manjano kama maiti, aende akalale. Basilio haelewi neno lakini anaielewa fedha. Anaagwa usiku mwema mara kwa mara hadi anatoka. Bartolo, uso umejaa povu, anatega sikio, anasikia wapenzi wakinong'ona habari za kujigeuza sura. Mpango wa pili nao umekufa.

Usiku Bartolo anamwonyesha Rosina barua yake. Anamwambia: huyo Lindoro wako ni wakala tu, anataka kukuuza kwa Mwinyi Almaviva. Rosina, kwa uchungu, anakubali kuolewa na mzee na kumfichulia mpango wa tatu: saa sita za usiku watu wataingia kwa ngazi. Bartolo anakwenda kuwaita askari. Radi inapiga, mvua inanyesha. Figaro na Mwinyi wanaingia roshanini wameloa. Rosina anawafukuza, mpaka Lindoro anapotamka kwamba Lindoro na Almaviva ni mtu mmoja. Furaha yao haina kifani, nao wanaiimba kwa urefu, wakiambizana watoke haraka, watoke polepole, watoke kimya, huku hawatoki! Walipokwenda kushuka, ngazi haipo. Wamenaswa.

Hapo anaingia Basilio pamoja na mwandishi wa mikataba ya ndoa, ambaye Bartolo amemwita kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe. Mwinyi anampa Basilio uchaguzi: pete ya thamani, au risasi mbili za kichwa. Basilio anachagua pete na kuwa shahidi. Ndoa inaandikwa papo hapo. Bartolo anafika na askari amechelewa, na anatambua jambo moja chungu: ngazi aliiondoa yeye mwenyewe. Angaliiacha, wangalikwisha kutoroka bila mkataba, naye angaliweza kuwafukuza njiani kwa sheria. Kwa kuwafungia ndani, amewafungisha ndoa. Mwinyi anamwachia mali ya Rosina, na mzee anafarijika. Ndiyo maana hadithi hii tangu mwanzo ilikuwa na jina la pili: Tahadhari Isiyofaa Kitu.

Mtoto wa fundi saa

Rossini hakuibuni hadithi hii. Aliyeibuni ni Mfaransa Pierre-Augustin Caron, aliyezaliwa Paris mwaka 1732, mtoto wa fundi saa, naye mwenyewe akawa fundi saa. Mwaka 1753, akiwa na miaka 21, alibuni kifaa kipya cha kuongoza mwendo wa saa. Fundi mmoja mkubwa wa mfalme, Lepaute, alidai kuwa kifaa hicho ni chake. Kijana hakunyamaza. Aliipeleka kesi mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris, na mwaka 1754 Chuo kikaamua kwamba kifaa ni cha kijana Caron. Kwa ushindi huo akaingia ikulu, akawatengenezea wakubwa saa, akawafundisha mabinti wa mfalme Louis wa 15 kupiga kinubi, akapata jina la kibwana, de Beaumarchais. Baadaye, wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, aliendesha kampuni ya biashara iliyowapelekea waasi bunduki na baruti kwa siri kwa niaba ya Ufaransa. Mtu aliyefanya kazi zote hizo hakuhitaji kwenda mbali kumtafuta Figaro.

Mchezo wake wa Kinyozi wa Seville, uliosemwa bila kuimbwa, ulionyeshwa Paris tarehe 23 Februari 1775. Usiku wa kwanza ulianguka. Watu waliuona mrefu mno. Mtoto wa fundi saa akaufungua, akatoa magurudumu yaliyozidi, akaupunguza kutoka sehemu 5 kuwa 4, na siku tatu baadaye ukashangiliwa.

Mwaka 1782 Mwitaliano Giovanni Paisiello aliufanya opera mjini St Petersburg, kwenye ikulu ya malikia Catherine wa Urusi. Opera hiyo ilipendwa Ulaya nzima kwa miaka mingi. Kwa hiyo Rossini alipoigusa hadithi ile ile mwaka 1816, alikuwa anagusa mali ya mzee aliye hai na mwenye wafuasi.

Usiku wa Roma

Rossini alizaliwa mji wa Pesaro tarehe 29 Februari 1792. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa mji, mama yake mwimbaji. Wanaopenda hesabu watafurahi kujua kwamba, kwa sababu mwaka 1800 haukuwa mrefu, siku yake kamili ya kuzaliwa ilikuwa imemfikia mara 4 tu alipoandika opera hii. Kwa hesabu ya kawaida alikuwa na miaka 23. Desemba 1815 alitia sahihi mkataba na Francesco Sforza-Cesarini, mwenye ukumbi wa Argentina mjini Roma. Malipo yake yalikuwa scudi 400. Mwimbaji wa nafasi ya Mwinyi, Mhispania Manuel García, alilipwa 1,200, yaani mara tatu ya mtunzi! Maneno yaliandikwa na Cesare Sterbini, na muziki wote ulikamilika kwa muda usiofika wiki tatu. Inasimuliwa kwamba Rossini alitumia siku 13.

Zilichukuliwa tahadhari zote. Ili Paisiello asione amedharauliwa, opera ilipewa jina jingine, Almaviva, ossia L'inutile precauzione, na katika kitabu cha maneno kilichouzwa mlangoni likachapwa tangazo la kumheshimu mzee huyo. Siku chache kabla ya onyesho, Sforza-Cesarini akafariki dunia ghafla. Onyesho halikuahirishwa.

Geltrude Righetti-Giorgi, aliyekuwa Rosina wa kwanza, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1823, na wengine pia wamesimulia usiku ule. Rossini aliingia amevaa koti la kahawia lenye vifungo vya dhahabu, na watu wakalicheka koti kabla hawajasikia noti moja. García alipotaka kuimba chini ya roshani kwa gitaa lake, uzi ukakatika. Mwimbaji wa nafasi ya Basilio alijikwaa akaanguka, akaimba wimbo wa fitina huku anafuta damu puani. Paka akaingia jukwaani, akafukuzwa upande huu, akarudi upande ule, na ukumbi mzima ukaanza kulia nyau. Miluzi na kuzomea vilifunika muziki. Rossini aliwapigia makofi waimbaji wake, na watu wakazidi kukasirika wakidhani anawadharau. Mwishoni Righetti-Giorgi alikwenda kumpa pole nyumbani, akamkuta amelala usingizi.

Usiku wa pili mtunzi hakwenda, alibaki nyumbani. Hadhira ile ile ya Roma sasa ilinyamaza ikasikiliza, ikashangilia tangu mwanzo hadi mwisho. Inasimuliwa kwamba kundi la watu lilikwenda na mienge hadi nyumba aliyofikia, naye akajificha akidhani wanakuja kuichoma. Mwaka huo huo, huko Bologna, opera ilionyeshwa kwa jina la Il barbiere di Siviglia, na jina la heshima kwa mzee likasahauliwa. Paisiello alifariki Juni 1816.

Kicheko kinavyotengenezwa

Watu huuliza: uzuri wake uko wapi, ikiwa hadithi ni ya mzee mjinga na kijana mpenzi, hadithi kuu kuu kama dunia? Jibu langu ni kwamba Rossini alijua kuupima wakati kama fundi saa. Chukua wimbo wa fitina. Anaweka kipande kifupi cha muziki, kinapigwa taratibu sana. Anakirudia kile kile, lakini anaongeza ala moja; anakirudia, anaongeza nyingine; sauti inakua bila wimbo wenyewe kubadilika, mpaka ngoma kubwa inalipuka. Fitina ndivyo ilivyo: neno ni lile lile, vinywa ndivyo vinavyoongezeka.

Namna ya pili ni kasi. Bartolo na Figaro hupewa maneno mengi kwa pumzi moja, ulimi unakimbia mbele ya akili. Namna ya tatu ni kuwafanya watu waimbe uzuri mahali pasipofaa, kama wale wapenzi wanaoimba juu ya kuondoka haraka mpaka ngazi inaondolewa. Hapo muziki wenyewe ndio mzaha. Na muziki ule wa mwanzo, unaopigwa kabla pazia halijafunguliwa, ambao wengi husema ndani yake wanamsikia Figaro akikimbia mitaani? Rossini alikwisha kuutumia mara mbili: mwaka 1813 kwa opera ya kaisari wa Kirumi Aureliano, na mwaka 1815 kwa opera ya malikia Elizabeth wa Uingereza. Seville haikuwamo kabisa.

Nani aliyeshinda?

Sasa nirudi kwenye swali nililoliweka mwanzoni. Walio wengi husema opera hii ni ushindi wa mtu mdogo mwenye akili juu ya wakubwa. Naomba tuitazame tena. Mpango wa kwanza wa Figaro ulishindwa, na kilichomwokoa Mwinyi na pingu ni karatasi yenye jina lake. Mpango wa pili ulishindwa, na uliposimama kwa dakika chache ulisimama juu ya mfuko wa fedha. Mpango wa tatu ulikwama roshanini bila ngazi, na kilichofungua njia ni pete na bastola. Kila akili ya kinyozi ilipofika ukutani, cheo na mali ndivyo vilivyobomoa ukuta. Kinyozi aliuleta ufunguo, lakini mlangoni palihitajika jina la Almaviva.

Sisemi haya kumshusha Figaro. Bila yeye Mwinyi angalikuwa bado yuko chini ya roshani anaimba. Nasema kwamba Beaumarchais alikuwa mtu mkweli, na ukweli huo aliuendeleza katika mchezo wa pili, Ndoa ya Figaro, ambao mfalme Louis wa 16 aliuzuia kwa muda kabla haujaonyeshwa Paris tarehe 27 Aprili 1784. Humo Figaro ni mtumishi nyumbani mwa Almaviva, naye anajiandaa kuoa. Na nani anayemtaka kwa nguvu mchumba wake? Ni yule yule Mwinyi aliyemsaidia kumpata Rosina! Rosina mwenyewe ni mke aliyesahauliwa. Wahenga wetu walisema kinyozi hajinyoi. Figaro alimsafisha kila mtu uso, na sasa wembe uko shingoni mwake. Ndipo anaposimama peke yake jukwaani na kuuliza kwa hasira kabaila huyu amefanya kazi gani kuupata ukubwa wake zaidi ya kuzaliwa. Mozart aliufanya opera mchezo huo mwaka 1786 mjini Vienna, miaka 30 kabla ya Rossini, na ndiyo maana wengi huchanganya ipi hadithi ya kwanza na ipi ya pili.

Wakubwa waliyasikia maneno hayo wakacheka. Tarehe 19 Agosti 1785, katika ukumbi mdogo wa Trianon huko Versailles, Kinyozi wa Seville uliigizwa na wenye nchi wenyewe. Nafasi ya Rosina iliigizwa na malikia Marie Antoinette. Nafasi ya Figaro iliigizwa na mdogo wake mfalme, Artois. Walijifunza kwa moyo maneno ya mtoto wa fundi saa, wakavaa mavazi ya kinyozi, wakapigiana makofi. Tarehe 16 Oktoba 1793 malikia huyo alikatwa kichwa. Naye Beaumarchais hakuwa mshindi. Mapinduzi yalimtia kifungoni mwaka 1792, na kwa muda akaishi uhamishoni.

Artois alikimbia, akarudi, na mwaka 1824 akawa mfalme Charles wa 10. Na mwaka 1825, kutawazwa kwake kuliposherehekewa, nani aliyetungiwa kazi ya kutoa opera ya sherehe? Alikuwa Rossini, aliyeandika Il viaggio a Reims. Mtunzi wa Figaro akamwimbia mfalme ambaye zamani aliigiza kuwa Figaro. Mwaka 1830 mapinduzi mengine yalimwondoa Charles, na mkataba wa malipo ya maisha aliopewa Rossini na serikali ile ukatiliwa shaka, hata ikambidi aende mahakamani kwa miaka kadhaa kudai haki yake. Tahadhari isiyofaa kitu!

Lililobaki

Wafalme wamepita, kinyozi amebaki. Manuel García aliivusha opera bahari, na Novemba 1825 ikaimbwa New York na watu wa nyumba yake mwenyewe: yeye Mwinyi, binti yake Maria wa miaka 17 Rosina, na kijana wake Manuel ndiye Figaro. Kijana huyo baadaye akawa mwalimu wa sauti, na mwaka 1854, kwa kutumia vioo vidogo na mwanga wa jua, aliweza kuona nyuzi za sauti zikicheza ndani ya koo lake. Madaktari wa koo wanamkumbuka hadi leo. Gazeti la Paris liitwalo Le Figaro, lililoanza mwaka 1826, lilichukua jina la kinyozi wetu. Na mtoto wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa huko mwaka 1946 na kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alilipaza jina hilo la Figaro katika wimbo wake wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody.

Ninyi wanafunzi wa leo, mkitafuta mchezo wa mwisho wa muhula, utazameni huu. Hauhitaji jumba la kifahari: roshani moja, ngazi moja, meza yenye karatasi 5, na bakuli la povu. Mtakapoucheza, msimfanye Bartolo kuwa mjinga; yeye ndiye anayegundua kila hila, na mchezo hunoga akiwa na akili. Na yule atakayepewa nafasi ya Figaro ajue anachokibeba. Ataingia akiwa kijana asiye na ukoo wa kutajwa, ila ana ufundi wa mikono na ulimi, na mji mzima unamhitaji. Katika mchezo huu anaridhika kuwafungulia wengine. Swali la nani atamfungulia yeye linabaki pale pale, nasi tuliotangulia kutoka lango lile bado tunalijibu, kila mtu kwa kazi yake.